Mbegu za Shangazi Vlasta

Nyumbani, Iowa
24 Juni 1996

Mpendwa Shangazi Vlasta,

Naanza na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, kisha nitarudi kwenye salamu, kwa sababu nikianza na salamu najua nitaishia hapo hapo. Jambo lenyewe ni hili: nadhani ulinidanganya.

Haya, nimelisema. Hujambo? Goti linaendeleaje? Sisi hatujambo. Baba yuko safarini na lori, safari hii hadi Oregon, na ametutumia kadi yenye picha ya samaki bila kuandika neno hata moja nyuma yake. Babu anatimiza miaka sabini na sita mwezi ujao na bado hataki mtu amshikie ngazi. Mimi nimemaliza darasa la kumi. Nilipewa zawadi ya baiolojia lakini sikupanda jukwaani kuichukua. Nilimwambia mwalimu tumbo linaniuma.

Sasa maua. Ni miaka minne tangu uliponitumia zile mbegu za maua ya nungunungu na kuniambia ulizichuma kwenye makaburi yetu. Nilifanya kama ulivyonielekeza. Nilizipanda Januari ndani ya galoni za maziwa zilizokatwa, nikaziacha nje kwenye theluji ili baridi izitoe usingizini. Mwaka wa kwanza zilitoa majani mawili matatu, basi. Mwaka wa pili Babu alizikanyaga akidhani ni magugu. Mwaka wa tatu nilikata tamaa, ila sikumwambia mtu. Mwaka huu yamechanua, Shangazi. Petali nyembamba za waridi iliyopauka, zinaning'inia kama masharubu yaliyolowa supu, na katikati kile kichwa cha miiba kilichowafanya wazee wetu wayaite nungunungu.

Nilikaa chini nikayatazama mpaka shingo ikauma. Kisha nikavuka barabara kwenda makaburini niyalinganishe na ndugu zake, nikakuta ya kule bado ni vifundo vya kijani, vimefumba kama ngumi. Leo ni siku ya kumi na nne na bado yamefumba. Udongo ni ule ule, jua ni lile lile, barabara tu ndiyo iko katikati. Kitabu cha maktaba kinasema mmea hubeba kalenda ya kwao ndani ya mbegu, na popote utakapoupeleka utafuata kalenda hiyo. Basi ya kwangu yana kalenda nyingine. Hayatoki makaburini.

Nilifanya kosa la kumuuliza Babu wakati wa chai ya asubuhi.

"Babu, kwa nini maua yangu yamewahi?"

"Uliyatoa wapi?"

"Shangazi Vlasta alinitumia mbegu. Alisema ni za makaburini."

Alikuwa anapaka siagi. Alikichomeka kisu ndani ya siagi akakiacha kimesimama. "Vlasta hajakanyaga makaburini tangu sabini na tisa. Hizo ni za dukani. Yang'oe hayo, Profesa."

"Yote?"

"Yote. Kabla hayajakomaza mbegu."

Sababu ni Bwana Haverkamp. Huyu ni mtu wa kaunti anayepanda maua ya asili kandokando ya barabara. Amesikia kwamba makaburi yetu hayajapitiwa na plau tangu wazee wetu Wabohemia wafike hapa kutoka Ulaya, kwa hiyo anaamini maua ya humo ni yale yale ya tangu zamani. Mwezi wa Septemba atakuja kukata vichwa vya mbegu ili azipande katika kaunti nzima. Babu, akiwa ndiye mtunza makaburi, amenunua kofia mpya kwa ajili ya siku hiyo. Anasema ya kwangu yakibaki ng'ambo ya barabara yatayachafua ya asili. Amenipa hadi mwisho wa Agosti.

Nakuomba jibu moja tu. Ulizichuma wapi? Kama ni za dukani nitang'oa mwenyewe na sitakulaumu, au nitakulaumu kidogo. Nimeandika kwa sababu simu iko jikoni, na Babu naye yuko jikoni.

Mpwa wako,
Milada


Duluth, Minnesota
16 Julai 1996

Mpendwa Milada,

Salamu nyingi kutoka kwenye ziwa ambalo hata mwezi wa saba halijui kupasha mtu joto. Goti linalia kila likiona ngazi. Shule ninayopikia imefungwa kwa likizo, kwa hiyo napika supu ya mtu mmoja na kuila siku tatu. Paka amezaa chini ya kitanda changu. Hakuniomba ruhusa. Hongera kwa zawadi. Safari nyingine panda jukwaani, hata kama ni kwa kutambaa.

Nilikuambia ni za makaburini, na ni za makaburini. Nilizichuma kwa mkono huu huu, upande wa nyuma ambako hajazikwa mtu bado, karibu na waya. Sina la kuongeza. Nimewahi kusimamishwa na polisi wa barabarani aliyeniuliza maswali kwa upole kuliko wewe.

Using'oe. Mwambie Babu yako nimesema using'oe. La, usimwambie kitu.

Unasema siku kumi na nne zilipita na ya makaburini yalikuwa bado yamefumba. Hatimaye yalichanua lini? Nijibu hilo.

Shangazi yako,
Vlasta


Nyumbani, Iowa
23 Julai 1996

Mpendwa Shangazi Vlasta,

Natumaini watoto wa paka wamefumbua macho. Huku joto ni kali, mahindi yamempita Babu urefu, na usiku ukitulia unaweza kuyasikia yakikua. Siku yake ya kuzaliwa ilipita salama. Mama Zdenka, jirani yetu, alileta kolache, zile keki ndogo za plamu, na Babu akala nne kisha akasema hazikuiva.

Nilimuuliza Mama Zdenka kama ameshawahi kukuona makaburini. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Vlasta? Hata mamake alipozikwa hakuja. Tuliacha nafasi kwenye benchi la mbele, likakaa koti la babako."

Ni sawa nikikushuku? Unasema ulichuma makaburini, na watu wote wanasema hukuonekana huko. Halafu unaniuliza mimi swali badala ya kunijibu. Ila nitalijibu, maana nina mengine ya kukueleza.

Ya makaburini yalichanua Julai tatu. Ya kwangu wakati huo yalikuwa yameanza kupukutika. Mwisho wa Juni nilikuwa nimekwenda kwa baiskeli hadi kwenye ile reli ya zamani, nyuma ya kiwanda cha maziwa. Pale kando ya reli hakuna aliyelima wala kupanda kitu, na nungunungu wachache wapo. Nilitaka ushahidi dhidi yako. Nikakuta yamekwisha kuchanua, Shangazi. Yanakwenda sawa na ya kwangu, karibu siku kwa siku. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani.

Sasa hili la pili. Alhamisi iliyopita nilikuwa makaburini upande wa nyuma, nimelala kifudifudi kando ya waya, nachora jani. Nikasikia gari. Alikuwa Bwana Haverkamp pamoja na Babu. Ningeweza kusimama nikawasalimia kama mtu mwenye adabu, lakini unanijua, nikabana pumzi.

Bwana Haverkamp akasema, "Mzee Hronek, uwanja huu ni hazina. Haujaguswa tangu dunia iumbwe."

"Ndiyo," Babu akajibu.

"Ila nashangaa kitu. Mahali pa kale namna hii huwa pana aina sitini, sabini za mimea. Hapa upande wa nyuma naona nungunungu na majani, nungunungu na majani."

"Udongo wetu ni mchoyo."

"Mchoyo! Mahindi yako ng'ambo ya barabara yanakaribia kugusa nyaya za umeme."

"Mahindi hatuyazungumzii," Babu akasema. Hakucheka, na wewe unajua huwa anacheka mtu akisifu mahindi yake.

Wakaondoka. Nilipoinua kichwa, shavu likiwa bado karibu na ardhi, nikaona kitu ambacho huwezi kukiona ukiwa umesimama, wala ukiingilia getini kama watu wote. Kutoka pale chini niliona njia. Mashina ya nungunungu yamesimama kulia na kushoto, na katikati kuna uchochoro ulionyooka hadi kwenye kaburi la kwanza. Nikasogea kidogo, nikaona uchochoro mwingine. Nikasogea tena, mwingine. Nimekulia katikati ya mahindi, Shangazi. Naijua nafasi ile kama ninavyokijua kitanda changu.

Nani hupanda maua ya porini kwa mashine ya mahindi?

Sitaki kulijibu mwenyewe. Nijibu wewe, tafadhali, na safari hii usinitume tena kuhesabu siku.

Mpwa wako,
Milada


Nyumbani, Iowa
19 Agosti 1996

Mpendwa Shangazi Vlasta,

Hujambo? Nafupisha salamu. Karibu mwezi mzima sijapata barua yako.

Nilidhani Babu anazificha. Kila siku mtu wa posta akipita nakimbia kwenye sanduku kabla ya Babu. Juzi tulifika pamoja, nikamsukuma kwa bega bila kutaka. Akasema, "Heh! Mchumba anaitwa nani?" Nikasema hakuna mchumba. "Basi anaandika vizuri, huyo hakuna." Nikamtazama mikono, kisha mifuko ya koti. Aliona ninavyomtazama. Akaigeuza mifuko yote miwili nje, ikatoka misumari na peremende moja, akanipa peremende. Niliona aibu, lakini sikuacha kumshuku.

Jana alinoa jembe na kuliegemeza kwenye mlango wa chumba changu.

Siku zimebaki chache. Yangu yana mbegu tayari, vichwa vimeanza kuwa vyeusi. Kama unajua kitu na unakaa kimya, basi na wewe unang'oa pamoja naye.

Milada


Duluth, Minnesota
22 Agosti 1996

Mwanangu Milada,

Hakuna aliyeiba barua. Sikuandika. Nilikaa mezani mara nyingi, nikaandika salamu, nikafikia mahali pa kusema jambo lenyewe, nikaenda kulisha paka. Wale paka wamenenepa kwa sababu yako.

Mama yangu, yaani Bibi yako Milada uliyerithi jina lake, alikuwa na kigoda chake pale nyuma ya makaburi. Mwezi wa sita, kazi za asubuhi zikiisha, alikwenda kukaa katikati ya nungunungu, hafanyi lolote. Alisema wale wa mbele ni wafu wake na wale wa nyuma ni wageni wake. Kila vuli nilikwenda naye, tukichuma vichwa vichache na kuviweka kwenye mtungi jikoni. Hakuwa na sababu. Alipenda sauti ya mbegu mtungi ukitikiswa.

Mwaka wa sabini na tano makaburi yalikuwa yanatimiza miaka mia. Wajerumani wa ng'ambo ya mto walikuwa na nyasi zilizokatwa kama zulia, na walikuwa wakitutania: Wabohemia wanazikana kwenye magugu. Wanaume wa kamati wakamwambia Baba, huyo Babu yako, apasafishe. Mama alikuwa hospitali, amefanyiwa upasuaji. Baba akapiga dawa ya magugu upande wote wa nyuma. Alikusudia apande nyasi. Sidhani aliwaza lingine lolote.

Mama aliporudi alikwenda na kigoda chake akakuta uwanja wa rangi ya karatasi ya kufungia nyama. Hakugomba. Ningependa angegomba. Alirudi nyumbani akaweka kigoda jikoni, na kuanzia siku hiyo akawa anazungumza nasi kama mtu anayezungumza na wapangaji.

Baba hakuvumilia. Alimtafuta mfanyabiashara wa mbegu huko kusini, Oklahoma, akaagiza gunia. Alinisikia nikisema tuna mtungi. Akasema konzi moja haijazi uwanja, na yeye alitaka uwanja mzima. Akachanganya mbegu na mchanga, akazipanda kwa kifaa anachokijua, Mama akiwa kanisani. Geti nilimfungulia mimi.

Yalichukua miaka minne. Yalipochanua, Mama alitoka mbio na aproni yake, akapiga magoti pale, akasema mizizi haikufa, kwamba ilikuwa imejificha. Alimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya kina Zdenka wote. Baba alinitazama juu ya vichwa vyao, akatikisa kichwa kidogo tu. Nikanyamaza. Kila mtu aliyekuja kunywa kahawa alisimuliwa muujiza ule, nami nikimimina kahawa. Mwisho wa kiangazi kile nikachukua ule mtungi nikaja huku. Nilizipanda mbegu uani kwangu. Huku nungunungu hawaoti porini, kwa hiyo nyuki hawana pa kuwachanganyia. Mbegu zako ni watoto wa maua yaliyoota hapo. Niliruka hatua moja tu ya safari yao, na hiyo ndiyo hatua uliyoinusa.

Kuhusu mazishi usiniulize.

Sasa unajua na mimi nimetua mzigo, jambo ambalo si haki. Ukisema, utamvua Babu yako kofia hadharani, na utamgeuza Bibi yako kuwa mtu aliyedanganywa. Usiposema, kaunti nzima itapandwa gunia la Oklahoma kwa jina letu, na yale ya kweli yatakuwa yameng'olewa na mtoto mwenye adabu. Nisingependa kuwa wewe. Ila sitakwambia ufanye nini. Nilishafungua geti mara moja kwa kuambiwa.

Vlasta


Nyumbani, Iowa
16 Septemba 1996

Mpendwa Shangazi Vlasta,

Pole na goti, na asante kwa barua. Niliisoma ghalani, nikaisoma tena, kisha nikaichoma ndani ya pipa la takataka. Samahani. Baba amerudi na analala tu. Shule imefunguliwa. Babu ana kikohozi kidogo lakini anakataa kwamba ni chake, anasema ni cha vumbi.

Mwisho wa Agosti ulifika na sikung'oa. Kila asubuhi Babu alilitazama jembe pale mlangoni, akanitazama mimi, akaenda zake. Nilianza kushuku kwamba naye anangoja kitu, ila sikujua ni nini.

Bwana Haverkamp alisema atakuja Jumatatu, yaani leo. Jana baada ya chakula cha mchana Babu alilala kwenye kiti. Nilichukua mkasi wa kupogolea na magunia ya chakula cha kuku, nikaenda makaburini. Nilikata kila kichwa cha nungunungu kilichokuwa pale nyuma. Mimea niliiacha, mizizi na majani yote, maana Bibi aliipenda na haina kosa. Nilikata mstari kwa mstari. Ni rahisi sana kukata kitu kilichopandwa kwa mistari. Kisha nikateketeza magunia yote.

Nilimwambia wakati wa chakula cha jioni. Nilikuwa nimejizoeza sentensi ndefu lakini ilitoka fupi.

"Babu, nimekata vichwa vyote vya makaburini."

Akatafuna mpaka akamaliza. "Vyote?"

"Vyote. Nilikuwa nimelala chini pale nyuma siku ile na Bwana Haverkamp. Niliona mistari."

Sikulitaja jina lako, wala Oklahoma, wala Bibi. Baba akainuka kwenda kuona kama jiko limeachwa linawaka.

"Nilijaribu kuipanda imepinda," Babu akasema. "Trekta ilikataa."

Basi. Akamega mkate. Baba aliporudi alituuliza tunazungumzia nini, Babu akasema mahindi.

Leo asubuhi Bwana Haverkamp alikuja na mifuko yake na msichana wa kumsaidia. Babu alivaa kofia mpya. Tulisimama upande wa nyuma tukiangalia mashina yasiyo na vichwa.

"Mungu wangu," Bwana Haverkamp akasema. "Nani kafanya hivi?"

"Paa," Babu akajibu.

"Paa? Mzee, hii imekatwa kwa mkasi."

"Paa wa huku wamesoma."

Msichana yule akageuka kando kucheka. Bwana Haverkamp alimtazama Babu, kisha mimi, na nadhani alituweka wote wawili kwenye orodha ya watu wa kuogopwa. Alikuwa ameanza kukunja mifuko Babu aliposema, "Mjukuu wangu ana bustani ng'ambo ya barabara. Ni ya mbegu za hapa hapa. Binti yangu Vlasta alizichuma."

"Lini?"

"Kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla," Babu akasema, na akaanza kuvuka barabara.

Bwana Haverkamp alichuchumaa mbele ya maua yangu muda mrefu. Aliniuliza yalichanua lini, nikamwambia. Aliniuliza kama nimeyaona ya kwenye reli, nikasema ndiyo, yanakwenda pamoja. Hakuuliza tena. Nadhani anajua, au anashuku, na ameamua kushuku kunamtosha.

Alikata nusu, akaniachia nusu. Nilimshikia mfuko ukiwa wazi. Babu hakusaidia wala hakuondoka. Tulipomaliza, Bwana Haverkamp alinipa kalamu na vibandiko, akaniambia niandike mahali mbegu zilipotoka na jina la aliyezichuma. Niliandika: Makaburi ya Wabohemia, upande wa nyuma. Mchumaji: Vlasta Hronek. Babu alisoma juu ya bega langu, akaniambia nimekosea kuacha alama juu ya herufi za Kibohemia. Hakuna herufi yenye alama katika jina lako, nami nilijua, lakini nilimwacha akae pale akisoma.

Kisha nilibandika vibandiko kwenye mifuko yote, nikaipakia nyuma ya gari, nikaenda shuleni nikiwa nimechelewa vipindi viwili.

Mpwa wako,
Milada